Dawa ya Nguvu Iliyomlaza Mama

Mama zangu na dada zangu, assalaam alaykum. Nimeambiwa niseme kwa dakika tano. Mnanijua, dakika tano mimi huzimaliza kwa kuuliza hali tu. Lakini haya ya leo yanantia haya, kwa hivyo sitayarefusha.

Nyote humu mnauguza wazee, mtanielewa. Mama yangu nilimuuguza miaka mitatu, hapa hapa Ibra, peke yangu. Kumwogesha mimi, kumlisha mimi, kumnyanyua mimi. Kaka yangu anakaa Samail, na mkewe kila Ijumaa akinambia, "Wifi, nipe siku mbili tu nije nimtazame mama." Nami nikimjibu, "Hapana wifi yangu, usijisumbue." Mdomoni asali. Moyoni nikisema, pepo iko chini ya nyayo za mama, na hii ni yangu, sigawi.

Mwili ukachoka. Nikawa nasali nimekaa. Jirani mmoja, Mungu amlipe kheri, alikuwa amerudi kutoka China kwenye biashara zake, akaniletea dawa ya kurudisha nguvu: mizizi, maganda ya chungwa makavu, vipande vya urukususu, ule mzizi mtamu, na tende nyekundu za Kichina. Tulizicheka zile tende, sisi Waomani, watu wa tende. Akanambia, "Kikombe kimoja asubuhi, basi."

Ndugu zangu, sisi kikombe kimoja tunakijua? Niliichemsha nikaitia kwenye chupa ya kahawa, ikakaa sinia moja na halua. Kila mgeni akija namimina, na mwenye nyumba hamwachi mgeni anywe peke yake. Ilikuwa chungu, nikaongeza urukususu wetu wa Ramadhani iwe tamu. Na mama, mwenye presha na vidonge vyake, nikampa. Nikasema, kinachonifaa mimi kitamfaa na yeye.

Siku za mwanzo nilijiona mzima. Kisha miguu ikaanza kuvimba, yangu na ya mama, siku moja. Moyo ukawa unadunda kwa kishindo nikiwa nimekaa tu. Sufuria ya wali ikanishinda kuiteremsha jikoni. Sasa nisikilizeni hapa. Kila nilipohisi nguvu zinaniishia, nikaongeza finjani. Zikizidi kuisha, nikazidi kunywa. Mama akinambia, "Mwanangu, mikono yangu si yangu," namimina na yeye.

Alasiri moja nikampeleka kutia udhu. Akateleza, akaketi chini taratibu, hakuumia. Nikainama kumnyanyua, mikono ikakataa. Nikajaribu tena, magoti yakalegea, nikaanguka ubavuni mwake. Tukakaa pale, watu wazima wawili kwenye sakafu yenye maji, hakuna wa kumwinua mwenziwe. Simu iko sebuleni.

Kengele ya mlango ikalia. Nikasikia sauti ya wifi yangu akiita. Alikuwa amekuja bila kuniuliza, kaleta chakula. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Sikutaka anione vile. Nikasema moyoni, atakwenda zake, kisha nitainuka.

Kengele ikalia mara ya pili. Mama alikuwa ananitazama, midomo imempauka. Akasema, "Mwite. Au unataka nife ili usionekane umeshindwa?"

Nikaita. Nililia nikiita.

Hospitali, alikotufikisha wifi, daktari aliuliza tunakunywa nini. Nikasema vidonge tu. Akauliza tena. Mama akanyanyua kidole: "Mwambie ya chupa." Daktari alipoisikia ile orodha aliacha kuandika. Akatueleza kwamba urukususu ukizidi huondoa potasiamu mwilini, hupandisha presha, hulegeza misuli, na moyo nao ni msuli. Wa mama ulikuwa umeshaanza kukosea mapigo. Akasema, "Mngechelewa siku chache, angekuja mmoja wenu tu." Hakusema yupi.

Dawa ya Kichina haina kosa, na jirani yangu hana kosa. Aliniambia kikombe kimoja.

Alhamdulillahi, tulirudi sote wawili. Namshukuru yule daktari kwa kuuliza tena nilipomdanganya. Nawashukuru nyinyi mlioleta uji zamu kwa zamu. Na wifi yangu, amekaa pale nyuma na hataki nimtazame, ahsante kwa kubonyeza kengele mara ya pili.

Nnachowaomba ni hiki: mwambieni daktari kila mnachokunywa, hata cha majani, hata cha bibi. Na ukichoka, sema umechoka kwa mtu anayeweza kukupokea.

Siku hizi wifi yangu anakuja siku mbili kila wiki. Asubuhi humwogesha mama, mimi nimeambiwa nilale. Silali. Nawasikia wanacheka huko ndani, na wivu unanipanda. Nageukia ukutani na kusema astaghfirullah, kwa sababu wivu huu naujua. Ndio uliokuwa umfishe mama yangu, na bado nnao.