Shimo Alilochimba Mama Kabula

Mungu wetu ni mwema, ndugu zangu! Nawasalimu kwa jina la Yesu, ingawa ushuhuda niliokuja nao una uchungu, nami sitautia sukari.

Nilitoka Kahama na ng'ombe wangu, nikitafuta malisho. Tulitembea zaidi ya mwezi. Singida, Dodoma, Mpwapwa, kisha tukaifuata reli tukishuka kuingia Kilosa. Mke wangu alikuwa mjamzito. Uchungu ulimshika karibu na Munisagara, mbali na zahanati, na mimi nilikuwa mbele na ng'ombe. Mtoto hakulia mpaka wanawake wa pale walipommwagia maji. Tukamwita Kabula, jina la kwetu la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha.

Tukaweka makazi Zombo. Kabula alifika miaka miwili shingo haijakaza, miguu imekakamaa, mate yanamtoka. Hospitali walisema ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa. Kanisani kwetu walisema ni laana ya ukoo. Ndugu zangu, nililiamini la pili, maana la kwanza lilinirudia mimi niliyekuwa mbele na ng'ombe! Tulifunga. Aliwekewa mikono hadi akalia kwa hofu. Alipobaki hatembei, wakasema baba hana imani.

Nami nikafanya ninachokijua: nikaondoka. Ifakara, Mbarali, narudi, naondoka tena, nikiwaza mbuga za kwetu na kijana niliyekuwa kabla ya hayo yote.

Siku moja narudi, namkuta mwanangu amezama ardhini hadi kiunoni! Mke wangu alikuwa amechimba shimo kando ya jiko, akalizungushia kanga ndani, akamsimamisha humo ili amwone mama yake akitwanga.

"Unamzika mwanangu mzima?"

"Wewe ulishamzika zamani, Baba Kabula. Mimi nimemsimamisha."

Nikamtoa. Shimo nikalifukia siku hiyohiyo kwa aibu ya majirani. Kabula akarudi kulala ndani juu ya ngozi, akitazama mabati.

Alipotimiza miaka mitano alikuja mwalimu wa darasa la awali, akipita nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto. Mwalimu Tausi, Mwislamu, mjukuu wa wakata mkonge. Nikamwambia hapa hakuna mtoto. Kumbe Kabula amesikia mgeni, akacheka kule ndani.

"Na huyo anayecheka ni mbuzi?" akauliza mwalimu.

Mke wangu akatoka, akamweleza yote, hadi habari za shimo. Mwalimu akanigeukia. "Baba, ulichofukia ni kiti cha mwanao. Sasa mchongee kingine."

Nikachonga. Mgongo mrefu, mikanda ya ngozi ya kumshika kifua, ubao wa mbele wa kuwekea mikono. Nikawa nampeleka shuleni kwa baiskeli. Wiki ya tatu nikachungulia dirishani. Mwalimu alikuwa amepanga mafungu ya mawe kwenye ule ubao, akauliza, "Kabula, matatu yako wapi?" Macho ya mwanangu yakapita fungu la kwanza, yakapita la pili, yakatua penye mawe matatu. Mwalimu akayahamisha mafungu, akauliza tena. Yakatua tena penye matatu. Watoto wakapiga makofi: "Kabula kapata! Kabula kapata!"

Ndugu zangu! Miaka yote ile mtu alikuwa ndani ya nyumba yangu, anaona, anajua, na mimi nakemea mapepo! Nilipiga magoti kwenye vumbi, nje ya darasa. Hapo ndipo Yesu aliponifungua. Ni mimi aliyenifungua. Kabula hakuwa na pingu. Na Yesu alimtumia mwanamke ambaye kanisani kwetu tuliambiwa tusile nyumbani kwake. Mnaonaje hilo?

Laiti ningeishia hapo. Mwalimu Tausi alihamishiwa shule moja upande wa Mikumi. Aliyekuja baada yake alisema, "Hii ni shule, si wodi." Nikaenda siku moja saa nne, nikakuta kiti kiko nje, kimebeba ndoo ya maji ya kunawa. Kabula amelazwa sakafuni nyuma ya mlango, uso ukutani, wenzake wanahesabu. Mzee wa kanisa letu, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya shule, akaniambia, "Shukuru wamempokea." Nishukuru! Bado nina hasira, ndugu zangu, siwezi kudanganya nikiwa nimesimama hapa.

Niliitua ile ndoo, nikafunga kiti kwenye baiskeli, nikambeba mwanangu. Ng'ombe waliobaki nikawauza. Asubuhi ya kuondoka Zombo, bodaboda ikiwa mlangoni, jirani akacheka: "Mnahama tena? Wasukuma nyie, miguu inawawasha!" Lakini aliyenichoma ni mke wangu, aliyeniuliza kwa sauti ya chini, "Ukitufikisha kwa Mwalimu Tausi, utakaa?"

Nikamwambia nitakaa. Alimfunga Kabula kifuani kwa kanga, akapanda, akamwambia dereva, "Twende." Nami nikafuata kwa baiskeli, nyuma yao, mara ya kwanza katika maisha yangu. Tulifika kwa Mwalimu Tausi, na Zombo sijarudi tena.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia kuliko nilivyomvumilia mwanangu. Nawe uliyemficha wako chumba cha ndani, usingoje atembee ndipo umtoe, na usingoje kanisa likuruhusu. Mtumaini Mungu, ndugu yangu. Lakini mlango uufungue kwa mkono wako mwenyewe.