Kila Mwizi Alikuwa na Ufunguo

Mheshimiwa Jaji Whitcomb, mawakili na makarani wa kaunti yetu, Bi Odessa Lyle uliyekubali kuketi mstari wa mbele, nanyi jamaa zangu mliotoka Toledo: nawasalimu kwa heshima.

Kwa miaka kumi na tisa nimepiga chapa maneno ya wengine katika chumba hiki cha mahakama. Leo mnaniaga, nami niseme yangu.

Nilipoanza kujiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha sheria, nina miaka arobaini na sita, askari wetu wa mahakama, Harlan, alijitolea kunisomea maswali ya mantiki saa ya chakula cha mchana. Nilikuwa nakosa karibu nusu.

"Dada Verna," alikuwa akiniambia huku anatafuna, "hujaulizwa unachokijua. Umeulizwa kilichoandikwa."

Siku moja akasoma: "Kila aliyeshinda mbio alikunywa maziwa. Tom alikunywa maziwa. Basi Tom alishinda. Kosa liko wapi?"

"Hata walioshindwa huenda walikunywa," nikamjibu.

"Haya, leo umeamka."

Lakini mimi chakula kilikuwa kimenishinda. Hoja ile niliwahi kuiandika kwa vidole vyangu, siku mwendesha mashtaka aliposimama hapa akasema: "Aliyeiba ghalani alikuwa na ufunguo. Curtis Lyle alikuwa na ufunguo. Mnataka nini zaidi?" Watu kumi na mmoja walikuwa na ufunguo ule. Curtis alifungwa miaka tisa, na sita alikuwa ameshaimaliza. Mimi niliyelipwa nisikie kila neno, siku ile nilisikia nini?

Nilitoa nakala ya ukurasa wenye maneno yale, nikautembeza wiki tatu ndani ya mkoba. Niliogopa kazi yangu, niliogopa kuchekwa, na zaidi nilikuogopa wewe, Mheshimiwa, kwa sababu kesi ilikuwa yako. Nilipobisha mlango wako uliusoma mara mbili, ukavua miwani. "Nilikuwa nimeketi pale pale, Verna," ukasema. "Mpelekee wakili wa Curtis. Leo, si kesho." Wangapi wenye cheo chako wangesema hivyo?

Kutoka kwa wakili nikaenda kwa mama yake Curtis. Bi Odessa hakunikumbatia, wala hakunifukuza. Alisema, "Umechelewa miaka sita, mwanangu. Keti, unieleze polepole."

Mtihani niliufanya mwezi uliofuata, jasho likinitoka, na nikapita kwa alama chache mno. Chuo kimenipokea. Rufaa ya Curtis itasikilizwa Jumatano ijayo, na hakuna anayejua itaamuliwaje. Mnanipongeza, nami nashukuru, lakini tangu barua ya tarehe ile ifike sijapata usingizi wa kutosha. Nikisikia simu, nadhani ni wakili. Je, nikiwa nimempa mama huyu tumaini la bure?

Bi Odessa, Jumatano sitakuwa na mashine ya kupiga chapa mbele yangu. Nitaketi kando yako, tusikilize pamoja.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.