Simu Iliingia Chumbani, Mie Sikuingia

Assalamu alaykum, mabibi. Mmenipa zamu niseme, basi nitasema, na nnakwambieni mapema kuwa hasira bado nnazo.

Nnasafisha vyumba katika hoteli moja huko Mji Mkongwe, jina silitaji. Mwaka jana walibandika vidude vyeupe ukutani, kila chumba na kila ukumbi. Vinanasa bluetooth ya simu zetu, na meneja anatazama kwenye kompyuta yake kila mfanyakazi yuko wapi. Tukaambiwa ni kwa usalama wetu. Usalama wetu, ati!

Sasa nyie mnajua, mtu haendi kusali na simu ikamlilia kwenye sijida. Sie tulikuwa tunaziacha mfukoni mwa aproni, na aproni tunaitundika kwenye kigari cha mashuka. Adhuhuri moja nikatundika yangu, nikaenda kusali. Kurudi, kigari nikakikuta pale pale.

Jioni nikaitwa. Bangili ya dhahabu ya mgeni haionekani. Meneja akanigeuzia kompyuta: "Simu yako ilikuwa chumbani kwake." Nikamwambia, "Nilikuwa nasali." Akacheka. Jamani, alicheka! Akanivua kitambulisho mlangoni, wenzangu wote wanatazama, mlinzi akanipekua mkoba. Kufika mtaani kwetu Amani, habari zishanitangulia: mwizi. Dukani watu wakinyamaza nikiingia. Nililia, ndugu zangu, mpaka macho yakavimba.

Kumbe nilipokuwa nasali, mwenzangu mmoja alikisukuma kigari, akanitandikia chumba cha mgeni yule, akakirudisha. Wema tu. Na yeye kwa nini hakuwa anasali? Nyie wanawake, mshaelewa. Kanipa ruhusa niseme.

Kulisema jambo hilo mbele ya wanaume si mchezo. Siku ya kwanza haya zilimfunga mdomo. Ya pili akanishika mkono, tukaingia ofisini, wanaume watatu wamekaa, meneja mmoja wao. Akasema, "Mie siku ile nilikuwa sisali. Kigari nilikisukuma mie, na simu yake ilikuwemo. Kama kuna mwizi, nipekueni mie. Na huyo mgeni, mmemwambia atazame mizigo yake?"

Hawakumwambia! Waliiuliza kompyuta, wakatosheka. Mgeni akapigiwa, keshahamia Kizimkazi, ufukweni huko. Bangili ikaonekana kwenye mfuko wake wa nguo za kuogelea.

Meneja akasema, "Basi, yameisha, rudi kazini."

"Hayajaisha," nikamwambia. "Umenifedhehesha mbele ya watu, nisafishe mbele ya watu hao hao." Wenzangu waliokuwa mlangoni wakaingia, wakaziweka simu zao mezani, wakasema hawazichukui mpaka aseme mbele yao kuwa mie si mwizi. Akasema, huku anatazama sakafu.

Ahsanteni nyote mliokuja kwangu wengine waliponikimbia. Nnakuombeni jambo moja: ukiletewa habari ya mtu, na ikitoka kwenye mashine, muulize kwanza mwenyewe.

Na mwenzangu huyo yumo humu ndani. Simtaji, lakini namwona kainamisha kichwa. Inua kichwa, shoga yangu. Wa kuona haya si wewe.