Kinachonyonya Betri ya Mzee Gia

Benchi la kijiweni limeegemea ukuta wa kinyozi, jirani na karakana ya Fundi Waya, na asubuhi hiyo Mzee Gia alilikalia bila kumsalimia mtu. Aliitwa Gia kwa sababu ya malori aliyoendesha tangu ujana. Sasa alibaki na pikapu moja kuukuu, nayo ilikuwa imegoma tena. Yeye na vijana wa mtaani walikuwa wameisukuma kutoka kwake hadi hapo, jasho likiwatoka. Mkewe, aliyekuwa apelekwe nayo hospitali kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, alitafuta usafiri mwingine akaenda peke yake, akipapasa.

— Betri mpya, alisema Mzee Gia. Alteneta mpya. Mchana inawaka vizuri tu. Ikilala, asubuhi nageuza ufunguo nasikia tik, basi. Nani ananifanya mjinga hapa?

Fundi Waya, ambaye kazi yake ni umeme wa magari, ndiye aliyefunga hiyo alteneta ya kuchajia betri, kwa hiyo swali alilichukua kama tusi. Alteneta ni nzima, alisema. Betri ndiyo feki, siku hizi wanajaza maji ya bomba na kubandika lebo. Kinyozi akatoa kichwa mlangoni, wembe mkononi, akapinga. Mbona betri ya kwanza nayo ilikufa hivihivi? Yeye alikuwa anaushuku ule mnara wa simu nyuma ya nyumba ya Mzee Gia. Unanyonya ule. Hata simu yake haikai na chaji tangu ujengwe. Muuza kahawa akaweka birika chini. Mnara haunyonyi kitu, alisema. Kuna mtu anaunga waya usiku, anawashia taa zake.

— Mtu gani?

— Jirani yako wa geti la bluu. Anachekacheka sana yule.

Mzee Gia alijua ni upuuzi, lakini siku hiyo hasira zilimtosha kumchukia hata jirani, na alipokumbuka kile kicheko damu ilimchemka. Kinyozi akaenda mbali zaidi: pikapu ilinunuliwa kwa mjane, na huenda marehemu hakuridhia iuzwe. Fundi Waya, mwenye mita ya kupimia umeme mfukoni, akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo walipomwona mke wa Mzee Gia akija taratibu, mkono mmoja ukutani. Jicho halikuwa na bandeji. Alikuwa amechelewa, daktari akaingia na wengine, yeye akasogezwa hadi mwezi ujao. Kinyozi akampa pole, akamwita shemeji, akampisha benchini. Mzee Gia akamsimulia yote, mnara, jirani, marehemu. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

— Tatizo lilianza lini? aliuliza.

Walishabadilisha vifaa na kugombana juu yake, lakini hilo hakuna aliyewahi kujiuliza. Mzee Gia akarudi nyuma kichwani, polepole, mpaka akafika kwenye ile redio yenye spika kubwa. Kabla yake pikapu haikuwahi kugoma. Na redio aliifunga nani?

— Simama, alimwambia Fundi Waya. Toa hiyo mita.

Wakaweka betri yenye chaji kutoka karakanani. Gari limezimwa, ufunguo uko mkononi mwa Mzee Gia, na bado mita ilionyesha umeme unatoka. Fundi Waya akachomoa waya wa redio. Namba ikashuka karibu na sifuri. Alikuwa ameuunga moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia swichi. Redio ilionekana imezimwa, kumbe ndani iko macho usiku kucha.

Mzee Gia akafoka kwamba wamemsingizia jirani wa watu, wamemsingizia hata marehemu kaburini. Fundi Waya akaanza kuukunja ule waya. Mkewe Mzee Gia akainuka benchini, akasema bila kupaza sauti:

— Mwezi mzima mwingine wa giza, fundi, kwa waya mmoja.

Alikuwa amemwelekea kinyozi, si Fundi Waya. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha.