Risala ya Karakana ya Shimanzi Kuhusu Neno "Imerukwa"

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu Bwana Muhdhar, karibu karakana. Utatuwia radhi, leo maneno matamu ni machache.

TULIPOTOKA
Kazi yetu ni kufufua kompyuta kuukuu. Kabla mashine haijatoka, tunakipima kiini cha mfumo wake, yaani ile programu inayoamrisha kila kifaa kilichomo ndani. Majibu yalikuwa mawili tu: imepita au imefeli.

TULICHOFANIKIWA
Majaribio mapya yalipokuja, yalidai vitu ambavyo mashine za zamani hazikuundwa navyo. Zikafeli zote, nzima na mbovu. Tukauzoea wekundu wa "imefeli" kwenye skrini, hata mashine yenye ubovu wa kweli ikatupita.

Mwenzetu Shariffa alichoshwa na kuona mashine nzima zikitupwa kwenye vyuma chakavu. Akaketi akaifundisha programu iulize kwanza: kitu hiki unacho? Kama hakimo, iandike "imerukwa", itaje sababu, iendelee mbele. Kama kimo na hakifanyi kazi, hiyo imefeli, haina msamaha. Tangu hapo, tukiona "imefeli" tunashtuka.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, changamoto ni wewe. Ulisoma "imerukwa" ukadhani tunaruka kazi. Ukamwita Shariffa mbele yetu.

"Bi Shariffa, mshahara wapokea kamili, majaribio waruka?"

Shariffa aliishusha sauti. "Bwana, baiskeli utaipima breki. Petroli utaipima wapi?"

Mwenzetu Kiti akaangua kicheko. Shariffa alimgeukia, na uso ukamshuka. Alijua kicheko kile, kilichokuaibisha wewe, ndicho kilichommaliza yeye. Ulimsimamisha kazi papo hapo, ukaamuru neno lake lifutwe.

OMBI
Neno tumelifuta. Sasa programu inaandika "haina kifaa hiki". Maana ni ileile, na kazi ni ileile ya Shariffa. Ukitaka programu tuirudishe ilivyokuwa zamani, mashine za zahanati ya Tononoka tunazozifufua sasa zitatoka hapa bila sisi kujua ipi mbovu.

Hatuombi nyongeza wala chai. Shariffa yuko nje langoni, na bawabu asema amri ya kumzuia ni yako. Tunaomba uifute sasa hivi, kabla ya makofi, maana bila yeye hatutapiga.

Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na sikio lenye subira.

Ni sisi wafanyakazi wa karakana, Shimanzi: Gunga aliyeisoma risala hii, Kiti aliyecheka, Naomi, Akil, na Shariffa aliye nje.