Mtu Mzima Mmoja Asiyekunywa

Benchi lao liko mbele ya duka la chambo, linalopakana ukuta mmoja na baa, kaskazini mwa Wisconsin. Kila alasiri wenyewe wapo: Jaji, aliyeitwa mara moja kuwa mzee wa baraza mahakamani akarudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana, Kapteni, ambaye gari lake liko chini ya ziwa tangu barafu ilipompasukia akiendesha juu yake, na Duane, babake Marit. Leo Marit naye kabanana nao, kompyuta mapajani, maana intaneti ya duka ndiyo pekee isiyokatika. Ana miaka kumi na tisa. Asipomaliza kozi ya mtandaoni kuhusu madhara ya pombe aliyoamriwa kabla mahakama haijafunga jioni hii, leseni yake ya udereva inasimamishwa; na chuo kiko mbali, na mabasi hakuna.

— Bonyeza tu hapo chini, mwanangu, alisema Kapteni akimimina kahawa.

— Hapabonyezeki. Kila ukurasa una muda wake. Nikiinuka, unaanza upya.

— Hiyo kazi ya wauza maziwa, alisema Jaji. Wanawataka vijana waache bia, warudi kunywa maziwa.

— Maziwa wapi, we mzee! Ni watu wa setilaiti, alisema Kapteni. Ukisoma habari za bia ukameza mate, wameshakuandika.

— Ndiyo maana wakamkamata mtoto, alisema Jaji.

— Nilikamatwa, alisema Marit bila kuinua macho, kwa sababu Baba aliniachia kopo la bia.

Ilikuwa Ijumaa, jioni ambayo mji mzima hula samaki wa kukaanga baani. Ndani ya baa, ubavuni mwa baba yake, Marit alikunywa bia mbele ya askari, na sheria ya huko, inayomkataza pombe aliye chini ya miaka ishirini na moja asipokuwa na mzazi, haikuwa na neno: mzazi yupo. Walipotoka, Duane akakumbuka koti lake, akamshikisha binti yake kopo lake la bia, akarudi ndani. Askari akatoka. Baba hakuwepo. Kopo lilikuwepo.

— Mimi ningeuliza, alisema Jaji, mzazi anaishia wapi? Duane alikuwa anasikika anacheka.

— Kicheko chake kinafika Kanada, alisema Kapteni.

— Basi alikuwepo mpaka Kanada. Kesi imekwisha.

— Tatizo lako, Jaji, wewe si jaji.

Marit, ambaye chuoni hakuna anayemweza kwenye mdahalo, aliwaacha wabishane, akatazama skrini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umefunguka: *Andika jina la mtu mzima asiyekunywa, utakayekaa naye Ijumaa.* Kisanduku hakikubali kuachwa kitupu.

— Niandike mimi, alisema Duane.

— Baba!

— Jumatatu sinywi.

— Wameuliza Ijumaa.

— Mwandike mchungaji, alisema Jaji.

— Bia zetu zinalala na kupungua kwenye jokofu la nani? alisema Duane.

— Bibi yake Marit basi, alisema Kapteni. Ile brandi yake ni dawa ya kifua tu.

Corinne, tarishi mpya wa posta, alikuwa amesimama na mfuko wake begani, akisikiliza.

— Samahani, wazee wangu. Mji mzima huu, hakuna hata mmoja?

Jaji alikohoa. Kapteni akakifunga kifuniko cha chupa ya kahawa, taratibu, lakini harufu ya brandi ilishatoka. Duane akayatazama maji ya ziwa.

— Dada, alisema Marit, wewe unakunywa?

— Mimi? Hapana. Tumbo langu halitaki.

— Unaitwa nani?

Marit akaliandika jina. Kozi ikakubali. Duane akasogea hadi mwisho wa benchi, akampisha mgeni akae karibu na binti yake.