Mtambo Uliopokea Haraka Mno

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa kikundi, wa kanisani na wa msikitini, amani iwe kwenu. Mwenyekiti ameniomba nieleze jinsi nilivyokaribia kuacha masomo, na kwa nini leo simu ya hospitali yetu inafanya kazi. Nitajitahidi kufuata mpangilio, ingawa jambo lenyewe linanikera hadi leo.

Nilirudi hapa Itigi kufanya utafiti wa shahada ya uzamili. Hospitali ilikubali niiwekee mtambo wa simu unaoendeshwa na kompyuta, kwa programu huria, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua bure na kuibadilisha. Kazi yangu ilikuwa kuiandikia kanuni: namba hii ikipigwa, simu iende wodi ya wazazi, ile ikipigwa, iende kwa dereva wa gari la wagonjwa. Ndugu zangu, nawaambia, kompyuta haikisii. Ukisahau nukta moja, simu ya dereva inalia jikoni.

Hayo niliyarekebisha, na simu za ndani zikaenda vizuri. Lakini za kutoka vijijini zilifika, zikapokelewa na mtambo, kisha zikakatika baada ya sekunde chache. Kila siku hivyo hivyo. Nikaulaumu mnara. Nikalaumu betri. Nikaandika upya kanuni zote, nikazifuta, nikazirudisha zilivyokuwa. Msimamizi wangu chuoni akasema hawezi kupitisha mtambo ambao watu hawautumii. Nikawa siwezi kula, nikajifungia chumbani na kuanza kufikiria kuacha masomo.

Muuguzi mkuu naye hakunipa pumzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba binti. Simu ya zamani haikwenda shule, lakini gari tulikuwa tunaitiwa."

"Mama, tatizo ni mtandao."

"Basi huo mtandao umekuja na wewe, maana kabla hujaja hatukuwa na tatizo nao."

Siku moja nilikwenda Mitundu kumwona dada yangu, aliyekuwa mjamzito. Mchana ule uchungu ulimshika, na damu ikaanza kutoka. Shemeji alikuwa mbali machungani. Salio langu lilikuwa dogo mno kwa mazungumzo, nikafanya ambacho kila mmoja wetu hapa angefanya: nikabipu. Nilikusudia simu iite mara moja, nikate, wauguzi waone namba na kunipigia. Mtambo haukunipa nafasi ya kukata. Ulipokea papo hapo, na sauti niliyoisikia ilikuwa yangu mwenyewe, niliyoirekodi kwa madaha: "Karibu hospitali. Kwa wodi ya wazazi, bonyeza moja." Kabla haijamaliza, salio likaisha.

"Wamesemaje?" dada akauliza.

"Wamesema karibu."

"Karibu wapi, na gari hawajaleta?"

Nilielewa pale pale. Miezi yote ile hapakuwa na hitilafu. Watu walikuwa wanabipu kama walivyozoea, na mimi nilikuwa nawamalizia salio kwa kuwasalimia. Nilikuwa nimeandika sura nzima kuhusu tabia za watumiaji wa simu, na neno kubipu halimo.

Jirani mwenye duka alisikia kilio, akakwangua vocha bila kuuliza chochote. Nikapiga, nikabonyeza moja, gari likaja. Dada alijifungua hospitalini, na wote wawili wazima.

Niliporudi niliandika kanuni nyingine. Simu ya nje isipokelewe na mtambo, iite tu. Mpigaji akikata, mtambo uhifadhi namba yake, uite simu ya wodi, na muuguzi akiinua, umpigie yule mtu. Hata hiyo ilinitesa, kwa sababu namba ziliingia zikianza na 255 ya nchi yetu, na kanuni zangu za kupiga nje zilijua namba zinazoanza na sifuri tu. Ilibidi niufundishe mtambo kuondoa tarakimu hizo na kuweka sifuri mahali pake. Ndipo ukakubali.

Namshukuru jirani yule wa Mitundu. Namshukuru muuguzi mkuu, aliyenisema kila asubuhi lakini hakuniambia niondoke. Nawashukuru nyinyi mlioniletea uji nilipokuwa sitoki chumbani. Nilichojifunza ni hiki: kabla hujaiwekea kanuni simu ya watu, tazama kwanza wanaitumiaje.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukiwa na mjamzito nyumbani na hali imebadilika, usihangaike kutafuta salio. Bipu, kata, ushike simu mkononi. Tutakupigia sisi.